Siku 34 Chomboni: Maisha ya Ukoo Wetu Baharini

(Hotuba iliyosomwa usiku wa pili wa mkutano wa ukoo, Maskati)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Awali ya yote natoa shukrani kwa Kamati kwa heshima hii ya kunipa nafasi ya kusema mbele yenu. Kamati ilinitaka nizungumze juu ya nasaba. Mimi nikaomba ruhusa nisiseme juu ya nani kamzaa nani, kwani mti wa ukoo umo katika kijitabu mlichopewa na kila mmoja anaweza kujitafuta. Nimependa niseme juu ya safari. Nimechagua safari moja tu, ile ya msimu wa kaskazi wa mwaka 1938 kuingia 1939, iliyomtoa babu yetu na bibi yetu Sur na kuwafikisha Unguja.

Sababu zangu ni mbili. Kwanza, vijana wetu leo wanaruka kutoka Maskati mpaka Unguja kwa muda wa saa chache tu, na wanadhani kuwa bahari iliyo chini yao ni maji matupu. Pili, juu ya safari hiyo pana neno ambalo limekuwa likisemwa jikoni na barazani kwa sauti ya chini kwa miaka mingi, nalo limetia ubaridi baina ya nyumba ya Sur na nyumba ya Unguja. Sisi wenye kulijua asili yake tumekuwa wachache, na mimi umri wangu umeshatangulia. Naona ni wajibu lisemwe waziwazi, mbele ya wote.

Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa bibi yetu mzaa baba, aliyenisimulia tangu utoto wangu Unguja mpaka alipofariki hapa Maskati mwaka 1986. Mengine nimeyapata katika barua, ambazo nitazitaja mbele.

Nianze na upepo, kwa maana wazee wetu hawakusafiri walipotaka wao, walisafiri upepo ulipotaka. Kuanzia mwezi wa Novemba au Disemba hadi Machi huvuma kaskazi, nao huvisukuma vyombo kutoka Ghuba, Oman na Hadhramaut kuelekea Mogadishu, Barawa, Lamu, Mombasa na Unguja. Kuanzia Aprili upepo hugeuka ukawa kusi, nao huvirejesha vyombo kwao. Katikati ya kusi, miezi ya Juni na Julai, bahari huchafuka na upande wa Arabuni hufungwa kabisa. Kwa hivyo aliyekosa chombo cha kaskazi hakukosa wiki wala mwezi, bali alikosa mwaka mzima. Nakuombeni mlishike jambo hilo, kwani bila ya kulielewa hamtaielewa hukumu iliyopitishwa pwani ya Sur asubuhi ile.

Babu yetu alikuwa na duka dogo Unguja, na kwa kusi ya mwaka 1938 alirudi Sur kuwachukua mkewe na watoto wake. Watoto walikuwa watatu. Baba yangu alikuwa na umri wa miaka 9. Dada yake, ambaye wengi wenu mlimwita Shangazi Mkubwa, alikuwa na miaka 7. Mdogo wao wa kiume alikuwa na miaka 2. Naye Bibi alikuwa mja mzito, mimba ya miezi minane. Mtu wa leo atauliza kwa nini mwanamke katika hali ile apande chombo. Jawabu lake ni hilo nililokwisha kulisema: kaskazi haimngojei mzazi.

Chombo chenyewe kilikuwa ganja, aina ambayo mafundi wa Sur walisifika kwa kuiunda, yenye nyuma pana iliyotiwa nakshi. Wale watakaokwenda Sur kesho wataiona ganja Fatah al-Khair, iliyoundwa palepale Sur katika karne iliyopita, ikauzwa nje, kisha watu wa mji wakachanga fedha wakainunua tena kutoka Yemen na kuiweka nchi kavu iwe ukumbusho. Simameni karibu nayo, mpime kwa macho. Kisha fikirini watu zaidi ya 100 juu yake, pamoja na tende, chumvi, papa mkavu, mbuzi, masanduku ya mabaharia na kuni za safari nzima.

Mahali pa kila mtu palijulikana. Nahodha alikaa juu ya shetri, kule tezi, penye msukani. Serahangi na mabaharia walikuwa kati na omo, penye jarari na nanga. Abiria wanaume walilala juu ya shehena, kila mmoja kwa upana wa mkeka wake. Wanawake na watoto wadogo walitiwa katika dabusa, chumba kilicho chini ya shetri. Dari ya dabusa ilikuwa fupi hata mtu mzima asiweze kusimama. Hewa iliingia kwa vidirisha vya nyuma, na bahari ikichafuka vidirisha vilifungwa. Harufu ya maji ya ngama, ya sifa iliyopakwa mbao na ya papa mkavu ilikutana humo na harufu ya watoto waliotapika. Bibi alisema walikuwa kina mama 19, na kila mmoja alijua pumzi ya mwenziwe.

Katika msimu huohuo Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alipanda Aden bumu la Kuwait lililoitwa Bayan, la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, akafika nalo Unguja na Rufiji, kisha akarudi nalo hadi Kuwait. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilitoka mwaka 1940, nacho ni hazina kwa mwenye kutaka kujua kazi ya mabaharia. Lakini Villiers alikuwa mwanamume na mgeni. Mambo ya juu ya sitaha aliyaona na kuyaandika. Ya dabusani hakuweza kuyaona. Hayo hatuyapati ila kwa bibi zetu, na bibi zetu hawakuandika.

Basi maisha ya dabusani yalikuwaje? Jambo la kwanza ni maji. Maji ya kunywa yalikuwa katika tangi la mbao na mapipa, nayo yaligawiwa kwa kibaba, asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili yalibadilika rangi na kutoa harufu, na Bibi alikuwa akitia kipande cha ndimu kavu ili watoto wayanywe. Kuoga, kutawadha na kufua kulikuwa kwa maji ya bahari. Nguo zilikauka zikawa ngumu kwa chumvi, na ngozi za watoto zikafanya upele mapajani na shingoni. Bibi alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyoletewa na Babu kutoka Unguja, akaigawa kwa watoto wa kina mama wote, tone kwa tone, mpaka ikesha.

Jambo la pili ni chakula. Jiko lilikuwa sanduku kubwa la mbao lililojazwa mchanga, na moto uliwashwa juu ya mchanga huo. Mpishi alipika wali mara moja kwa siku, na mikate myembamba asubuhi. Samaki walivuliwa kwa mshipi uliokokotwa nyuma ya chombo. Siku ambayo hawakupatikana, kitoweo kilikuwa papa mkavu, au tende na samli. Wanaume walikula makundi kwa makundi juu ya sitaha, na masinia ya kina mama yaliteremshwa dabusani kwa mikono ya wavulana. Baba yangu alikuwa mmoja wa wavulana hao. Siku ya kwanza ya mawimbi makubwa alimwaga sinia zima, na kina mama 19 walilala na tende. Hakuna aliyemkaripia.

Jambo la tatu ni watoto. Waliojua kutambaa na kutembea, walipotolewa juu kupunga hewa, walifungwa kamba kiunoni na ncha ya pili ikafungwa penye nguzo ya shetri. Waliotimia miaka 7 au 8 walishughulishwa. Palikuwa na abiria mmoja maalim aliyewasomesha Kurani kila asubuhi kwenye kivuli cha tanga. Alasiri mabaharia waliwafunza kufunga mafundo, kushona turubali na kusokota kamba. Baba yangu mpaka uzeeni, kila alipofunga mzigo wa karafuu, alifunga kwa fundo la baharia yule, na mimi nalijua fundo hilo.

Usiku, baada ya sala ya isha, nahodha alitoa amri, wanaume wakaelekea omo, na shetri ikazungushiwa tanga kuukuu. Hapo kina mama walipanda juu, wakanyoosha migongo na kuvuta pumzi. Bibi alisema kwamba katika siku zote zile saa hiyo moja ndiyo iliyomfanya aweze kuzistahimili saa 23 zilizobaki. Huko ndiko walikopatana waliogombana mchana kwa nafasi ya mkeka au kwa maji. Ugomvi haukuruhusiwa kulala. Nahodha aliwahi kuwasuluhisha kina mama wawili akiwa amewapa mgongo, asiwaone.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe.

Asubuhi ya kuondoka, Shangazi Mkubwa aliamka na homa, macho mekundu, na vipele nyuma ya masikio. Ilikuwa surua. Mizigo ilikwisha pandishwa. Khori ya Sur haina kina ila maji yanapojaa, na chombo chenye shehena hakitoki maji yakitoka. Nahodha alishuka pwani, akamtazama mtoto, akasema: "Huyu hapandi. Mkibaki naye nyote, nitakurudishieni nauli yenu yote, wala sina kinyongo."

Yalibaki kama masaa mawili maji yapungue. Bibi alitaka abaki na watoto wote. Babu alikuwa na deni la duka na mkataba wa chumba, na kukosa msimu ilikuwa ni kulipoteza duka na kukosa chakula cha watu wote watano. Dada yake Bibi, ambaye hakujaaliwa mtoto, akasema: "Niachieni mimi. Mtamchukua kaskazi ijayo." Ndivyo ilivyokuwa. Bibi alipanda chombo akiwa haoni njia kwa machozi.

Maneno tuliyoyarithi ni kwamba mtoto wa kike aliachwa kwa kuwa wa kike, au kwamba aliachwa kama mzigo uliozidi chomboni. Ndugu zangu wa nyumba ya Sur, nalijua neno hilo, na najua lilivyokuuma. Nakuombeni msikilize yaliyofuata baharini, kisha mhukumu.

Siku ya 10, walipokwisha kuchukua maji Mukalla, yule mtoto wa kiume wa miaka 2 aliingia homa. Alikuwa ameambukizwa na dada yake kabla ya safari, bila ya mtu kujua. Surua huenezwa kwa hewa, na katika chumba kimoja kilichofungwa haimwachi mtoto ambaye hajapata kuugua. Wakati huo hapakuwa na kinga; chanjo yake haikupatikana duniani mpaka mwaka 1963. Nahodha angaliweza kulaumu. Badala yake alitoa mahali pake mwenyewe juu ya shetri, akaamrisha lipigwe turubali, na Bibi na mtoto wake wakahamia hapo mbali na watoto wa dabusani. Yeye nahodha alilala juu ya kasha penye msukani. Maziwa ya mbuzi wake wawili aliyaelekeza kwa mgonjwa.

Usiku wa 19, wakiwa wamekwisha ipita Ras Hafun, mtoto alifariki. Aliogeshwa kwa maji ya bahari na kukafiniwa kwa kitambaa kipya ambacho Bibi alikiweka kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Alifungwa jiwe lililotolewa katika farumi, akasaliwa alfajiri, akateremshwa. Tumesoma katika historia kwamba Sayyid Said bin Sultan alipofariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, naye akitoka Maskati kwenda Unguja, mwanawe Sayyid Barghash hakuuacha mwili utoswe, aliupeleka Unguja ukazikwa huko. Mtoto wa muuza duka hakuwa na jahazi lake. Babu aliliandika jina la mtoto na siku yake nyuma ya jalada la msahafu, na kaburi la mtoto huyo halina alama nyingine.

Watoto wengine wawili waliugua baada yake. Wote wawili walipona. Sasa fikirini kama Shangazi Mkubwa angepandishwa akiwa na vipele vyake, akalazwa dabusani siku ya kwanza baina ya watoto wote wale. Naamini nahodha alikuwa akiyafikiri hayo pale pwani. Aliwahi kuona, au alisimuliwa na walioona, na alichagua kuchukiwa na mama mmoja ili asije akawazika watoto wa kina mama wengi.

Siwezi kupita hapa bila ya kumtaja mtu mwingine. Dabusani alikuwamo mwanamke mzee, mpole, mzungumzaji wa Kiswahili. Alitekwa mtoto katika pwani ya Mrima, akapelekwa Sur kwa chombo kama kilekile, akauzwa. Mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa ulitiwa saini na Sayyid Barghash mwaka 1873, na utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini vyombo viliendelea kuwabeba watu kwa siri kwenda kaskazi kwa miaka mingine mingi. Bahari hii tunayoisifu si kila mtu aliivuka kwa khiari yake, na watoto waliotenganishwa na mama zao juu ya maji yake hawakuachiwa khaloo wa kuwalea wala barua ya kuwafuata. Bibi kizee yule alikuwa anarudi Afrika katika uzee wake, na hakulijua jina la kijiji chake. Sisi tunaomsimulia mtoto wetu mmoja aliyebaki Sur tuna deni la kuwakumbuka na hao.

Yeye ndiye aliyekuwa mkunga. Siku ya 26, baina ya Mogadishu na Barawa, siku saba tu baada ya kumtosa mtoto wake, Bibi alishikwa na uchungu. Bahari ilikuwa na mawimbi ya ubavuni. Kina mama wawili walimshikilia mabega asiviringike, na bibi kizee akafanya kazi yake kwa taa ya mafuta iliyoning'inia. Bibi hakujua Kiswahili. Akaniambia kwamba maneno yake ya mwanzo ya lugha hii tunayosemezana leo yalikuwa mawili, aliyofunzwa usiku ule: "Sukuma" na "Pumzika". Akazaliwa mtoto wa kike, naye ni Shangazi yetu aliyeketi hapa mbele, aliyepita umri wa miaka 85, na ambaye katika vitambulisho vyake vyote amepata taabu kujibu swali la mahali alipozaliwa. Mwenyezi Mungu ampe afya njema.

Siku ya 34, siku chache kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, chombo kilitia nanga Unguja. Bibi kizee aliteremka pamoja nao, akaishi katika uwa wa nyumba yetu mpaka alipofariki, naye ndiye aliyewalea ami zangu. Kiswahili chetu sote asili yake ni yeye.

Nirudi kwa Shangazi Mkubwa. Alipona katika wiki tatu. Kila kaskazi barua ilitoka Sur, na kila kusi barua ilitoka Unguja, mikononi mwa manahodha. Zimebaki barua 41, nazo nimezisoma zote. Kwa kusi ya mwaka 1939 Babu alituma nauli ya mtoto wake. Kaskazi iliyofuata nauli ilirudi pamoja na barua ya khaloo, akiomba aachiwe mtoto mwaka mmoja zaidi. Babu alituma tena mwaka 1940. Safari hii barua iliyorudi kaskazi ya 1941 ilikuwa kwa maneno ya mtoto mwenyewe, aliyemsomea mwandishi. Anasema anampenda mama yake, anaiogopa bahari iliyomchukua ndugu yake, na hawezi kumwacha khaloo wake peke yake. Anamwomba mama yake aje. Bibi alikuwa na mtoto mchanga mwingine na hakuweza. Mwaka 1947 barua ilileta khabari ya ndoa.

Kwa hivyo hakuachwa na kusahauliwa. Aliitwa mara mbili, naye kwa akili yake ya kitoto na moyo wake mkubwa alichagua kubaki na aliyembakia. Hilo si la kumpunguzia heshima, bali ni la kumzidishia.

Sehemu iliyobaki mnaijua. Mapinduzi ya Januari 1964 yalitutawanya. Mimi nilikuwa na miaka 12 tulipopanda chombo kwa kusi, safari hii chenye mashine, tukashukia Dubai. Bibi alikaa tena dabusani, akiwa mtu wa makamo, na alipopita usawa wa Ras Hafun aliomba apandishwe juu. Alisimama kwa muda, akasoma Fatiha, akateremka. Hakusema kitu, nasi hatukumwuliza.

Sayyid Qaboos alipotawala Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, sisi tulirudi, na mwaka 1971 nilimpeleka Bibi Sur kwa gari, siku nzima ya njia ya mawe na mchanga. Ilikuwa imepita miaka 32. Nilikuwapo mlangoni. Shangazi Mkubwa aliubusu mkono wa mama yake na kichwa chake, akamketisha, akampa kahawa. Kisha Bibi akamwambia: "Nahodha alikukataa kwa masaa mawili. Mimi sikukukataa hata siku moja." Shangazi Mkubwa akajibu: "Najua, mama. Mlipoleta nauli ni mimi niliyekataa." Akamwuliza ndugu yake alikufa usiku au mchana, akaambiwa usiku. Hawakulizungumza tena. Naona ukimya wao ndio uliotuachia sisi nafasi ya kujaza maneno yasiyokuwapo.

Wazee walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumekwenda tezi, tumekwenda omo, na wengine wamevuka bahari ambazo kaskazi haivumi. Tumekutana hapa. Naomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

La kwanza, mti wa ukoo uliomo katika kijitabu hiki unaonesha kuwa babu yetu alizaa watoto sita. Alizaa saba. Naomba toleo lijalo liwe na jina la yule aliyezikwa baharini, kama lilivyoandikwa katika msahafu, na mahali pa kifo chake paandikwe: baharini, kusini ya Ras Hafun. Aidha naomba jina la mkunga liandikwe chini ya nyumba ya Unguja, kwani hakuwa mgeni wetu.

La pili, zile barua 41 zimekwisha pigwa picha, na nakala moja ya zote nimemkabidhi Katibu. Kila nyumba ipewe yake, na ya kwanza iende kwa watoto wa Shangazi Mkubwa. Karatasi za asili naziweka chini ya mamlaka yao, kwani ndani yake imo sauti ya mama yao akiwa mtoto.

La tatu ni kwa vijana. Wazee waliosafiri kwa tanga wamebaki wa kuhesabika. Kila mmoja wenu ana simu inayonasa sauti. Kabla ya kuondoka hapa keshokutwa, keti na mzee mmoja, umwulize sio tu alitoka wapi na kufika wapi, bali alilala wapi, alikunywa nini, nani alimshika mkono, na nani alibaki pwani. Hasa waulizeni kina bibi, kwani ya sitaha yameandikwa, ya dabusani bado.

Nawaombea dua wazee wetu wote waliotangulia mbele ya haki, waliozikwa Sur, Unguja, Dubai na ugenini Ulaya na Marekani, na aliyezikwa baharini. Mola awaghufirie wote, na atukutanishe tena mwaka ujao kwa kheri.

Wabillahi tawfiq. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.